Bendera ya Jirani

Siku hizi saa kumi na mbili jioni hupita hivi hivi tu, kama saa nyingine yoyote. Watu wanatembea, wanaongea na simu, wanabishania nauli, na kama kuna bendera inashushwa mahali, hakuna anayejua wala anayejali. Mwili wangu mimi bado unajua. Nikiwa njiani na jua limeanza kuzama, kuna dakika miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe, ikingoja filimbi. Wanangu wakiniona hivyo wanacheka. "Mathe amekwama tena," wanaambiana. Nawaacha wacheke. Nikiwaambia kwamba nazitamani zile jioni tulizosimamishwa barabarani na askari wa chifu, wataniona nimerukwa na akili.

Lakini nazitamani, haki ya Mungu nazitamani.

Mtaa wetu uko ng'ambo ya mto kutoka soko la Gikomba, zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizopangwa mistari mistari, bomba moja la maji kwa mstari mzima na kamba za nguo kutoka mlango hadi mlango. Kambi ya chifu ilikuwa kati yetu na maduka. Kila jioni askari alitoka na filimbi yake, akavuta pumzi, akapuliza, na mtaa mzima ukaganda. Mama mboga aliacha kisu ndani ya sukuma wiki. Mwenye mkokoteni aliuzuia kwa kifua, mteremko au si mteremko. Kuna siku mwizi alisimama, na waliokuwa wakimfukuza wakasimama nyuma yake, na jambo hilo watu walilisimulia mwaka mzima. Bendera ilishuka polepole, filimbi ikalia tena, na kila mtu akaendelea na shughuli yake pale pale alipoiachia, mwizi akiwemo. Aliyethubutu kutembea kabla ya hapo alirukishwa kichurachura mbele ya kambi mpaka magoti yakaomba msamaha.

Mama yangu hakuhitaji askari. Alisimama hata akiwa ndani ya nyumba, mwiko mkononi, ugali ukiungua jikoni, nasi tukasimama naye kwa sababu tulimwogopa yeye kuliko chifu. Siku moja kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili na ameanza kujua kila kitu duniani, alisema bendera ni kitambaa tu. Alizabwa kofi lililosikika nyumba ya tatu.

"Hata sanda ni kitambaa," Mama akamwambia. "Nenda ukaichezee basi."

Baadaye, hasira zikiwa zimeshuka, alitusimulia habari za babu yetu huko Ukambani, mtu aliyepigana vita vya Wazungu chini ya bendera yao, akarudi na koti moja na kikohozi. Bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza sokoni kwao, babu alivua kofia akalia mbele ya watu. Mama alikuwa msichana mdogo na hakuwa amewahi kuona machozi ya mwanamume. Kwake yeye habari ya bendera iliishia hapo, haikuwa na mjadala tena.

Sasa mnielewe vizuri kabla sijaendelea: huyo ndiye mwanamke aliyeitia makasi bendera ya watu.

Hooyo alikuja mtaani kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita vilipoifumua Somalia. Alipanga chumba mkabala na chetu, yeye na wanawe wawili, kijana wa umri wa kaka yangu na msichana wa rika langu. Jina lake hatukulijua. Wanawe walimwita Hooyo, nasi tukadhani ndilo jina, kumbe kwa Kisomali maana yake ni mama tu. Tulipokuja kugundua, mazoea yalikuwa yameshaingia. Hata Mama yangu, mtu mzima na watoto wake, alikuwa akimwita "mama" mwanamke wa rika lake. Hooyo alicheka mpaka akashika ukuta, akasema aendelee tu, ameshampokea.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kidogo. Kiswahili chake alikiokota njiani, kilikuwa na matundu, lakini alikisema bila aibu. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wake walipotezana siku ya kukimbia. Yeye alidhani mume ametangulia na watu wa lori la mbele, na alipofika mpakani hakumkuta. Hilo alilisema mara moja tu, na Mama hakumuuliza tena.

Walivyopatana wale wawili ni ajabu. Mama alikuwa mwanamke wa Gikomba, sauti ya kuita wateja alikuja nayo mpaka nyumbani, hata "pitisha chumvi" ilisikika bombani. Hooyo alikuwa mtu wa kunyamaza. Nadhani ni chai iliyowaunganisha. Hooyo alipika chai ya iliki na mdalasini, sukari mpaka kijiko kisimame, na Mama alikuwa na udhaifu wa sukari. Kila alasiri Mama akirudi sokoni walikaa mlangoni petu, miguu nje, vikombe magotini, na mimi na msichana wa Hooyo tukicheza karibu yao huku masikio yakiwa kwenye maneno ya wakubwa. Filimbi ilipolia walisimama wote wawili.

Siku za mwanzo Mama alimwambia, "Wewe kaa tu, Hooyo. Hii si yako."

"Mimi yangu haiko tena juu ya mlingoti," Hooyo akajibu. "Nasimamia yenu."

Jioni ile Mama alimtilia sukari kwenye kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

Basi. Mama aliuza mitumba ya mashuka na mapazia. Belo ya mitumba ikifunguliwa Gikomba asubuhi, wanunuzi wenye macho makali huwahi kamera, ndizo zile bora kabisa, na jioni hubaki fagia, za kuuzwa kwa bei ya kuombana. Desemba moja, ndani ya belo, alikuta kitambaa kikubwa cha buluu ya mbinguni, na nyota moja nyeupe katikati. Hakukiuza. Alikitia kwapani akaja nacho nyumbani uso umemchanua.

"Mnaona Wazungu wanavyofanya Krismasi?" akatuambia, akikitandaza kitandani. "Hii ni nyota ya Bethlehemu. Walikuwa wanaitandika mezani."

Nani angembishia? Nyota ilikuwa nyota, na Krismasi ilikuwa imekaribia. Bendera tuliyoijua sisi ilikuwa moja tu, yenye ngao na mikuki. Za wengine tulidhani ziko kwao.

Tena Mama alikuwa na wazimu wa vitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa, kabati lilikuwa na kitambaa, stuli zilikuwa na vitambaa, hata thamosi ilivaa sketi. Wiki ile alikaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akaimba nyimbo za kanisani, akakata. Nyota ikawa foronya ya mto wa kiti cha Baba. Pande mbili zikawa vitambaa vya mikono ya kile kiti. Kipande kingine kikawa sketi mpya ya thamosi. Na kilichobaki alimshonea kaptula mdogo wetu, aliyekuwa bado anajikojolea. Sebule yetu ikawa ya buluu na nyota, sisi tukajiona matajiri.

Mtaani kwetu Mkristo akitaka kula na jirani Mwislamu, kuku huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu atie mkono kwenye sahani bila wasiwasi. Asubuhi ya Krismasi kijana wa Hooyo alituchinjia kuku, akawashika vizuri na bismillahi yake, na Mama akampa chapati ya kwanza ya moto. Mchana Hooyo akaja na wanawe. Alikuwa amejifukiza udi, amejitanda shela ya manjano, amebeba bakuli la halua. Baba, ambaye hakuwa akimwachia kiti chake hata pasta, alisimama.

"Hooyo, leo wewe ndiye mgeni wetu," Mama akasema, akaupigapiga ule mto utune vizuri. "Keti hapa, kiti cha mwenye nyumba."

Hooyo aliuangalia mto. Nilikuwa karibu yake nikauona uso wake ukizimika. Akaangalia mikono ya kiti, akaangalia thamosi. Kisha mdogo wetu akapita mbio na kaptula yake, nyuma imelowa, Hooyo akamfuata kwa macho mpaka nje. Akaliweka bakuli la halua mezani taratibu.

"Samahani, dada," akasema. "Kichwa."

Akatoka. Wanawe wakatoka nyuma yake. Msichana wake alikuwa ameshachukua kipande cha chapati; alikirudisha kwenye sahani.

Weee! Mama alichemka. Siku ile alijizuia kwa sababu ya wageni wengine, lakini kesho yake alianza, na hakuacha mpaka mwezi wa pili. Kuku amechinjwa na mwanawe mwenyewe! Kiti nimempa cha mume wangu! Sasa shida ilikuwa nini, nyumba inanuka? Baba, aliyekuwa karani wa serikali na mtu wa kutafuta sababu, alisema labda ni ile nyota ya Bethlehemu, wenzetu Yesu wao si kama wetu, labda tulimkwaza. Hapo ndipo alipomwaga mafuta kwenye moto.

"Kwa hiyo amenikatalia Krismasi yangu," Mama akasema. "Mimi Idi yake nilikula mpaka nikalegeza mshipi. Sawa. Mgeni siku mbili."

Hakuimaliza ile methali, lakini tuliijua. Chai ya mlangoni ikafa. Hooyo alitoka asubuhi na kurudi jioni, alisalimia kwa upole, Mama aliitikia huku akikung'uta shuka ambalo halikuwa na vumbi. Mimi nami, hasira ninazo za kurithi, nikamnunia msichana wake. Bombani tulipishana kama hatujuani. Niliumia sana, kwa sababu kabla ya hapo hata ndala tulikuwa tukivaa jozi moja, yeye wa kushoto, mimi wa kulia, tukienda dukani kwa kuruka mguu mmoja.

Jioni moja nilitumwa mafuta ya taa. Nilikuwa naipita kambi ya chifu, kibuyu mkononi, filimbi ikalia. Nikaganda. Kuangalia pembeni, kwa jicho tu maana shingo haikuruhusiwa, nikamwona msichana wa Hooyo amesimama hapo hapo, bega kwa bega nami, naye na kibuyu chake. Bendera ikaanza kushuka. Kuongea ilikuwa kosa, lakini alianza kuongea bila kufungua mdomo sana, kwa kile Kiswahili chetu cha mtaani alichokuwa ameshakishika kuliko sisi.

"Ona vile umesimama poa," akasema. "Mbona hii huendi kuikalia?"

"Unaongea nini wewe?"

"Ile nyota yenu ya kwa kiti. Ile ni bendera yetu. Mlitaka mathe aikalie."

Sikuelewa, halafu nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, mto, thamosi, kaptula. Nilitaka kumshika mkono, nilitaka kukimbia, nilitaka ardhi inifunike, na sikuweza hata kukunja kidole kwa sababu bendera yetu ilikuwa haijafika chini na askari alikuwa anatutazama. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, kama tulivyofundishwa shuleni, na machozi yanamtoka bila kuyafuta kwa sababu kufuta ni kujitikisa. Hapo mlingotini ilikuwa bendera yangu mimi, na aliyekuwa akiiheshimu ni yeye. Sijawahi kuona aibu ya namna ile tena maishani.

Filimbi ya pili ilipolia aliondoka kabla sijasema neno. Mafuta sikununua. Nilikimbia mpaka nyumbani nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti cha Baba anachambua mchele. Nikamwambia yote, pumzi juu juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaruka kutoka kwenye kile kiti kama amekalia kaa la moto, mchele ukamwagika nyumba nzima.

"Ngai!" akasema. "Mungu wangu! Nimemtukana mtu nyumbani kwangu, tena nikamshikia na kiti!"

Mdogo wetu alivuliwa kaptula uani mbele ya watu, akalia, akaulizwa na majirani amekosa nini. Thamosi ikavuliwa sketi. Mama akachukua wembe akaanza kufumua, uzi kwa uzi. Kila kipande alikifua peke yake kwa mkono, kwa sabuni ya mche, ile kaptula akaifua mara nyingi mpaka nikaogopa itaisha. Alivianika ndani, juu ya kitanda chake, visionekane kambani. Kisha akavipanga sakafuni, akaona pembe moja ya kitambaa haipo. Ilikuwa kwenye yale mabaki aliyoyatupa Desemba. Takataka zilikuwa zimeshakwenda jalalani Dandora zamani. Alitaka kweli kwenda Dandora kutafuta. Baba alimzuia mlangoni.

Ilimbidi atafute buluu ya kuziba. Kila siku alitoka Gikomba na vitambaa, akavilaza pembeni, akatikisa kichwa: hiki kimepauka, hiki kina kijani ndani. Mwishowe alifungua sanduku akatoa blauzi yangu ya shule iliyonibana, akailaza pale. Ilikuwa imekoza kidogo tu. Akaikata bila kuniuliza, na mimi nilifurahi hakuniuliza.

Alipokuwa akishona, Baba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

"Unajua pembe za nyota hiyo maana yake nini?" akasema. "Kuna pembe moja ni ya kaskazini yetu sisi. Bendera hiyo inadai sehemu ya nchi yetu. Na mimi ni mtu wa serikali."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ulipoikalia tangu Krismasi hukuniuliza inadai nini."

Baba akaenda kusoma gazeti.

Siku alipomaliza alivaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Aliikunja ile bendera kama tulivyoona askari wakikunja yetu, akaibeba kwa mikono miwili, akaniambia nimfuate. Kutoka mlango wetu hadi wa Hooyo ni pua na mdomo, lakini alitembea taratibu, watu wa mstari mzima wakitutazama. Akapiga hodi. Hooyo akafungua.

Mama yangu, aliyeweza kuinyamazisha Gikomba nzima, alikosa sauti. Alinyoosha mikono tu. "Hooyo," akasema, "sikujua."

Hooyo akaipokea. Aliketi kwenye mkeka, akaifungua magotini, akapitisha kidole kwenye kila mshono, polepole, akifuata mahali makasi yalipopita. Alipofika kwenye ile pembe iliyokoza akainua uso.

"Na hapa?"

"Ni blauzi ya huyu," Mama akasema, akanisukuma mbele. "Yako ilipotea. Nimetafuta Gikomba yote, Hooyo, nimeshindwa."

Hooyo akanitazama, kisha akautia uso ndani ya kile kitambaa, akavuta pumzi ndefu. Msichana wake alikuwa amesimama karibu na jiko, hatukutazamana.

"Inanuka sabuni yenu," sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Nilidhani itanuka kwetu."

Ndipo alipolia. Mama alijitupa mkekani na nguo zake za kanisani, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Baadaye, chai ikiwa imeshapikwa, Hooyo alisema kwamba siku ya Krismasi hakukasirika. Alikuwa ameogopa kulia mbele ya watoto wetu siku ya sikukuu.

"Nilipoiona pale kwa kiti nikajua kwetu kumekwisha kweli," akasema. "Bendera imefika mitumba. Ina maana haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe," Mama akasema kwa ukali, kama mtu anayemkatalia mteja. "Mwenyewe ni wewe. Kunywa chai."

Mimi nilihisi mtu ananifinya mkono, kwa nguvu, ile ya kuumiza. Ni rafiki yangu. Nikamfinya na mimi. Ugomvi wetu ukaishia hapo.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani mpaka leo. Nikisema natamani zamani watu hudhani nasema bei ya unga. Mimi natamani mlango ule, wanawake wawili miguu nje, iliki kwenye chai, na msichana wa rika langu akinikopesha ndala ya kushoto. Bendera Hooyo aliitundika ndani, nyuma ya pazia la kitanda. Filimbi ikilia kambini, walisimama kwa ajili ya yetu, na ikilia ya pili Mama hakuketi mara moja. Alingoja Hooyo aketi kwanza.

Kisha kukaja habari. Mtu aliyetoka kambi ya wakimbizi huko kaskazini alisema amemwona mwanamume wa maumbile kama ya mume wake, mwenye jina lake. Hooyo alifunga mizigo kwa siku moja. Mama alimsaidia, akikunja nguo huku akiongea bila kukoma kwa sababu akinyamaza angelia. Walipofika kwenye bendera, Hooyo aliichukua akaiweka mikononi mwa Mama.

"Kule watu wametoka pande zote za vita," akasema. "Kuna atakayeibusu. Kuna atakayekumbuka waliomuua ndugu yake wakiwa wameibeba. Sijui nitalala jirani na yupi. Kwako hakuna wa kuigombania. Niwekee, dada. Nikimpata nitaifuata, tutakunywa chai."

Rafiki yangu aliniambia hakuna haja ya kwaheri, wataenda na kurudi. "Usijali, tutaonana tu," akasema, na akapanda basi bila kugeuka, kwa sababu alikuwa na hakika.

Ilikuja salamu moja, kwa mdomo, kupitia mfanyabiashara: hakuwa yeye yule mwanamume, lakini kuna mtu aliyesema yuko mbele zaidi, na wao wanakwenda mbele zaidi. Baada ya hapo, kimya. Mama alimuuliza kila Msomali aliyepita Gikomba. Mwalimu, mrefu, sauti nzito, watoto wawili. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia walimu warefu ni wengi. Bendera aliiweka kwenye sanduku pamoja na nguo yake ya harusi, na kila baada ya muda aliitoa, akaipigisha hewa, akaikunja tena.

Mwisho wa miaka ya tisini Baba alikuwa amejenga Njiru, pembezoni mwa jiji. Vyumba vitatu, maji ndani ya nyumba, choo chetu peke yetu. Sisi watoto tulikuwa tumeshagawana vyumba kwa maneno. Siku ya kuzungumza habari ya lori la kuhama, Mama alisema haendi.

Baba alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alitumia hoja zote za kikarani alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, Mama akitikisa kichwa. Mwishowe Baba akaelewa, sauti yake ikashuka.

"Si tutaibeba?" akasema. "Kitu chenyewe hakina hata uzito. Akija tutampa."

"Atakuja wapi?" Mama akamuuliza. "Yeye anajua mlango huu tu. Mlango nao tutaubeba?"

Baba alikaa chini. Nyumba ya Njiru tukaipangisha. Mama alizeekea kwenye nyumba ile ya kanjo, na mchana hakuufunga mlango hata mvua inyeshe. Alipotutoka, kaka yangu aliniuliza nitaurudisha lini ufunguo kwa kanjo. Sijaurudisha, naishi hapa na wanangu. Rafiki yangu naye anajua mlango huu tu.